Injini Iliyolala Sebuleni

Usiku wa kwanza injini ya trekta ilipolala sebuleni kwetu, Mama hakulala. Kila baada ya muda aliamka, akawasha tochi ya simu, akaenda kuangalia kama oili imefikia magunia. Sebule ya wazazi wangu si kubwa. Ina makochi matatu yaliyofunikwa vitambaa alivyofuma shangazi, kabati la vyombo vya wageni, meza ndogo, na kwenye ukuta wa nyuma, tangu mavuno ya Desemba, magunia kumi na moja ya mpunga wa pishori yaliyokuwa yakingoja bei ipande. Katikati ya hayo yote sasa ilikaa bloku ya chuma juu ya matairi mawili makuukuu, nyeusi tii, na pembeni yake beseni za kuogea zimejaa bolti, valvu, springi na vitu ambavyo sisi sote, isipokuwa fundi, tulikuwa tunaviona kwa mara ya kwanza.

Ilikuwa Aprili 2018, mwaka wa mvua zilizozidi kipimo Kenya nzima. Mwezi uliofuata, Mei, ndipo bwawa la Solai, kule Nakuru, lilipopasuka usiku na kuua watu. Kwetu Mwea hatukupata msiba wa namna hiyo, lakini udongo wetu mweusi, ambao kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mguu, uligeuka uji mzito unaomvua mtu gambuti. Fundi alikuwa ameanza kufungua injini chini ya mwembe. Mvua ilimkuta hedi imeshatolewa na silinda ziko wazi, na maji yakilala ndani ya silinda, kutu haingoji kesho. Wanaume wakaitwa kutoka nyumba za jirani, bloku ikafungwa kamba, ikapitishiwa gogo, na Baba akasimama mlangoni akisema, "Ingizeni ndani." Mama alikuwa jikoni. Aliposikia kishindo kwenye saruji, mambo yalikuwa yamekwisha.

Trekta lenyewe ni Massey Ferguson 135. Matrekta ya aina hiyo yalianza kuundwa Coventry, Uingereza, mwishoni mwa 1964, na injini yake ya dizeli ya silinda tatu, Perkins ya lita mbili na nusu, ilitoka Peterborough. Halina fremu. Injini ndiyo uti wa mgongo: eksili ya mbele imefungwa mbele yake, giaboksi nyuma yake. Anayetaka kuitoa injini sharti alitenganishe trekta vipande viwili. Letu lilibaki hivyo chini ya mwembe, kiwiliwili cha nyuma kikiegemea magogo, magurudumu madogo ya mbele yakiwa peke yake hatua tano mbali, turubai juu yao.

Baba alilinunua mwaka 2001 kutoka shamba la ngano upande wa Timau. Alilishusha mwenyewe kwa siku mbili, akipita Nanyuki, Karatina na Sagana. Mimi nilikuwa darasa la tano, na nilimngoja kando ya barabara ya Embu tangu asubuhi hadi jua lilipoanza kulala. Nilimtambua kwa kofia kabla sijaona rangi ya trekta. Alinipandisha, akaniketisha juu ya kilinda gurudumu, tukaingia nyumbani watu wote wakiwa wametoka nje.

Ili mtu aelewe kwa nini chuma kile kiliheshimiwa hata kikaingizwa pale wanapokaa wageni, lazima ajue ardhi yetu ilivyokuja. Mifereji ya Mwea ilichimbwa kwa jembe na sepetu miaka ya hali ya hatari wakati wa ukoloni, na wengi wa waliochimba walikuwa wafungwa waliozuiliwa katika kambi za huku. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Baadaye alipewa ekari nne za kulima mpunga, si kama mwenye shamba bali kwa kibali, na hivyo ndivyo walivyokuwa wote chini ya Bodi ya Kitaifa ya Unyunyizaji, iliyoundwa 1966. Bodi ilileta maji, ikapiga rota mashambani kwa matrekta yake, ikachukua mpunga, ikakata gharama zake. Mwaka 1998 wakulima wakakataa kuupeleka mpunga huko tena, wakataka kuuza wenyewe. Kuanzia hapo kila kazi iliyokuwa ya Bodi ilitafuta mtu wa kuifanya, na Baba akasema atakuwa mmoja wa wapiga rota. Kwa hiyo trekta lile halikuwa mali tu. Ilikuwa mara ya kwanza katika ukoo wetu mtu wa Mwea kulima shamba lake kwa chombo chake.

Lilipoanza kuugua, lilianza kwa kunywa oili. Baadaye likatoa moshi wa buluu likipanda kingo. Siku Baba alipochomoa kijiti cha kupimia oili na kukuta imegeuka rangi ya chai ya maziwa, alinipigia simu Nyeri ninakofundisha, na hakusema jambo lingine lolote ila hilo. Maji yamepata njia ya kuingia kwenye oili. Fundi akaja, mtu wa Kitui aliyekaa Ngurubani miaka mingi, akasikiliza, akasema injini ifunguliwe yote: laina zimekwisha, gasketi ya hedi imekula, krenki huenda ikahitaji kuchongwa. Hakuna wa kumbishia. Sauti ya injini ilikuwa inasema hivyo hivyo.

Alifungua kwa siku nne. Kila kipande alichotoa alikifunga kwa utepe wa khanga kuukuu na kukiweka mahali pake: vya silinda ya kwanza beseni la kwanza, vya pili la pili, vya tatu la tatu. Siku ya tano akapigiwa simu kwamba mama yake amefariki. Alinawa mikono kwa dizeli kisha kwa sabuni, akamshika Baba mkono, akasema, "Mzee, hapa kitu kisiguswe mpaka nirudi." Alikuwa kifungua mimba kwao. Mambo ya mazishi yalimshika, kisha ya shamba la marehemu, kisha yeye mwenyewe akaugua. Wiki ikawa mbili, mbili zikawa tano.

Nyumba ilijifunza kuishi na injini. Watoto wa jirani waliokuwa wakija kutazama televisheni jioni waliambiwa wakae upande mmoja. Ndugu yangu mdogo, ambaye ndiye dereva wa trekta siku za msimu, alianza kulala kwenye kochi ili paka asiingie kwenye beseni. Asubuhi moja Mama alimkuta akifuta pistoni kwa kitambaa cheupe cha kochi, kile chenye maua ambacho shangazi alikifuma mwaka mzima kwa ajili ya arusi yangu. Hakukusudia ubaya. Kulikuwa bado giza, na alikuwa amepapasa tu kitu laini.

Lakini hasara iliyouma zaidi ililetwa na harufu. Mtu asiyekaa Mwea huenda asijue kwamba pishori huuzwa kwa pua. Mnunuzi akija, hatazami kwanza. Anaingiza mkono ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko, anatoa mpunga kiasi cha kujaza kiganja, anaufikicha kwa kiganja cha pili hadi maganda yatoke, anapuliza makapi, kisha anauleta mkono usoni na kufumba macho. Alipofika kwenye magunia matatu yaliyokuwa karibu na bloku, yule mama aliyekuwa akinunua kwetu kila mwaka alifumbua macho haraka. Alirudia. Akampa Mama anuse mwenyewe.

"Mama, huu umeshika dizeli. Siwezi kumpelekea mtu."

Mpunga hushika harufu ya kinacholala karibu nao. Hilo kila mke wa mkulima analijua, na Mama alikuwa amelisema tangu usiku ule wa kwanza. Aliuza manane. Yale matatu yakarudi ukutani. Jioni aliandaa chakula, akaweka mezani, akasema, "Mzee, trekta limekula magunia matatu kabla halijalima hata hatua moja." Baba hakujibu. Kesho yake aliuza ng'ombe mmoja ili bloku na krenki viende kuchongwa Thika.

Ni wakati Baba na ndugu yangu wako Thika ndipo shangazi alipofanya alichofanya.

Shangazi ni dada mkubwa wa Baba. Amekaa nasi tangu alipofiwa na mumewe. Ni mtu wa kazi, na kuona nyumba ya kaka yake imenuna kwa sababu ya harufu ya mafuta kulimnyima raha. Aliamka alfajiri, akatoa beseni zote uani. Akafungua tepe zote za khanga. Akaosha kila kipande kwa mafuta ya taa na mswaki wa kuoshea viatu, kisha kwa maji moto na sabuni ya unga, akaanika juani juu ya turubai la mpunga, akageuza, akakausha, halafu, kwa kuwa anajua jembe lisilopakwa mafuta hushika kutu, akavipaka mafuta ya kupikia kimoja kimoja. Mwisho akavipanga juu ya magunia safi kwa ukubwa: vikubwa nyuma, vidogo mbele, kama vikombe kabatini. Vilikuwa viking'aa. Akatengeneza chai, akakaa kuwangoja.

Wale wasiojua injini wataniuliza ubaya uko wapi. Uko hapa. Vipande vilivyofanya kazi pamoja miaka mingi vimesuguana hadi vikazoeana. Kila konekting rodi, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni kwa juu na krenki kwa chini, ina kifuniko chake kilichotobolewa pamoja nayo kiwandani. Ukiipa rodi kifuniko cha jirani yake, tundu haliwi duara kamili tena, beringi inasagika, na injini inanoki pengine kabla ya mwezi. Tepe zile za khanga ndizo zilizokuwa kumbukumbu ya fundi, na sasa zilikuwa zimefuliwa na kuanikwa kwenye kamba ya nguo.

Baba alipoingia na kuviona, alikaa kwenye kochi bila kuvua kofia. Hakumgombeza dada yake, hajawahi. Alinyamaza tu, na ukimya wake shangazi aliuelewa, akaingia chumbani mwake na kufunga mlango. Chai ilipoa.

Jumamosi nilishuka kutoka Nyeri. Kila nikifika Makutano na matatu ikakata kushoto kushika njia ya Embu, joto la Mwea hunipokea dirishani pamoja na harufu ya matope na majani mabichi, na huwa najua nimefika kwetu. Siku hiyo nilikuta nyumba kama ya matanga. Nilikaa sakafuni mbele ya vile vyuma vinavyong'aa, nikampigia fundi simu. Nilimweleza yote. Alikaa kimya hadi nikadhani laini imekatika.

"Mwalimu," alisema, "hebu shika rodi moja. Igeuze ubavuni, pale inapokutana na kifuniko chake. Unaona nini?"

Niliona mikwaruzo. Nikaisogeza kwenye mwanga wa mlango, na mikwaruzo ikawa namba.

"Huwa zimejificha chini ya masizi," alisema fundi. "Mimi mwenyewe nilifunga tepe kwa sababu sikuziona. Sasa kama zimeonekana, basi yule mama amekufanyia kazi ambayo ningekuja kuifanya kwa wiki nzima."

Nilienda kugonga mlango wa shangazi. Hakusoma zaidi ya darasa la pili, ila namba ni zake: miaka yote ya mavuno yeye ndiye aliyesimama penye mizani akihesabu magunia ya nyumba hii, na hakuna aliyewahi kumpunja kilo. Alitoka macho yamevimba. Nikampa rodi, nikamwonyesha mahali. Alivaa miwani, akaivua, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya chuma taratibu.

"Mbili," akasema.

Akainama juu ya vile vifuniko, akakamata kimoja, akakirudisha, akakamata kingine, akapitisha ukucha. "Mbili hii hapa." Akavikutanisha. Vilikaa pamoja bila mwanya, na mstari wa kiungo ulipotea kiasi kwamba usingejua ni vipande viwili. Moja ikapata moja yake, tatu ikapata tatu yake. Namba zile zilipigwa kwa nyundo na mtu aliyesimama kwenye benchi Peterborough kabla mimi sijazaliwa, mtu asiyeweza kuota kwamba mwanamke wa Mwea angezisoma kwa ukucha juu ya gunia la mpunga. Nilimfikiria sana mtu huyo siku ile. Alifanya kazi yake sawasawa, na kazi yake ilitufikia.

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Alivua kofia.

Kuanzia siku hiyo hatukungoja tena. Fundi alikubali kutuongoza kwa simu kila Jumamosi na Jumapili, nami nilikuwa nimepata Nyeri nakala ya fotokopi ya kitabu cha injini ile, kurasa zake nyingine zimefifia. Nilisoma Kiingereza cha kitabu, nikakigeuza, ndugu yangu akafanya, Baba akashika taa. Krenki ilikuwa imechongwa saizi ya kwanza, ile mafundi huita ten, na beringi mpya zilikuwa za ten. Tulipaka oili safi, tukailaza, tukafunga kifuniko kimoja baada ya kingine, na baada ya kila kimoja ndugu yangu aliizungusha kwa mkono kuona kama bado inateleza. Pistoni zilikuwa mpya, na ringi zake zilitutesa. Ringi hutanuka, lazima zibanwe ili ziingie kwenye silinda, na chombo cha kuzibana hatukuwa nacho. Fundi alituambia tukate mkebe wa mafuta ya kupikia, tuukunje uzunguke pistoni, tuukaze kwa klipu ya bomba, kisha tugonge pistoni kutoka juu kwa mpini wa jembe, polepole, bila hasira. "Bila hasira" ni maneno yake. Midomo ya ringi isipangane mstari mmoja, alisema, la sivyo upepo utapata mlango. Pistoni ya tatu ilikataa mara nne. Mara ya tano iliteleza yote kwa mara moja, ikatoa sauti kama ya mtu anayeshusha pumzi, na Mama, aliyekuwa akichambua mboga mlangoni, alisema "Imeingia" kabla yetu.

Hedi ilifungwa Jumamosi nyingine. Bolti zake hazikazwi ovyo. Unaanza za katikati, unatoka nje kwa zamu, kwa awamu, ukitumia toki renchi, ambayo tuliazimwa na rafiki wa Baba huko Kerugoya. Ndugu yangu aliuliza kwa nini isianziwe pembeni, kwa mstari, ambako ni rahisi kukumbuka. Kabla sijafungua kitabu shangazi alijibu. Alikuwa na uzi na sindano ya kufumia mapajani.

"Kitambaa huanzwa katikati," alisema. "Ukianza ukingoni, tumbo linavimba, halilali mezani tena."

Gasketi mpya ilikuwa baina ya vyuma viwili, bapa kama kitambaa. Ndugu yangu hakuuliza tena. Na shangazi ndiye aliyehesabu zamu: kila bolti iliyokazwa alifuma kituo kimoja, na hakuna tuliyoiruka. Tulipima valvu kwa fila geji, thau 12 injini ikiwa baridi, na Jumapili hiyo tukafikia gia za mbele.

Hapa kosa ni langu, na ningependa lijulikane. Mbele ya injini kuna gia nne: ya krenki, ya katikati, ya kamshafti, na ya pampu ya dizeli. Kila moja ina alama, na siku ya kufunga, alama sharti zitazamane, ili valvu zifunguke na dizeli irushwe kwa wakati wake. Tulizipanga, fundi akatazama kwa picha niliyomtumia, akasema sawa. Halafu akaniambia neno moja zaidi: mkiizungusha, alama zitaachana, na hazitakutana tena hadi gia ya katikati izunguke mara nyingi, kwa hiyo msishtuke. Neno hilo nililisikia mimi peke yangu. Saa ilikuwa imekwenda, matatu ya mwisho ya Nyeri haingoji mtu, na niliondoka bila kulifikisha.

Jumatatu usiku ndugu yangu alitaka kuhakikisha. Aliweka spana kwenye krenki, akaizungusha raundi mbili kwa upole, akatazama alama. Zilikuwa zimeachana. Moyo wake, aliniambia baadaye, ulianguka. Aliona gia zimeruka, na kwamba kesho Baba angefunga kifuniko juu ya kosa. Basi peke yake, taa ya sola mkononi, mbu wakimla shingo, akatoa gia ya katikati na kuzirudisha alama pale alipozikumbuka. Ya krenki na ya kamshafti alizipatia. Ya pampu ilimponyoka jino moja.

Jumatano injini ikatoka sebuleni. Wanaume wale wale, gogo lile lile. Trekta likaunganishwa chini ya mwembe, na Mama akasugua mahali injini ilipolala kwa maji ya sabuni mara tatu. Alhamisi tukapata habari kwamba zamu ya maji ya upande wetu ingefika Jumanne. Siku hizo bwawa la Thiba lilikuwa halijaisha, lilizinduliwa 2022, na maji ya mto Nyamindi yaligawanywa kwa zamu kali. Maji yakija shambani lazima yakute mpiga rota tayari: yaloweshe udongo, rota ipite, ng'ombe wavute ubao wa kusawazisha, miche iingie. Ukikosa siku zako unabaki ukiwatazama jirani wakipanda, na miche yako inazeeka kitaluni. Baba alikuwa amekwisha kuwaahidi watu wengine watano mashamba yao.

Jumamosi tukatoa hewa kwenye bomba za dizeli, kuanzia filta, kisha pampu, kisha nozo, hadi povu likaisha na mafuta yakatoka meupe safi. Ndugu yangu akageuza ufunguo. Injini ikazunguka, ikakohoa, ikatoa moshi mweupe mzito unaochoma macho. Haikushika. Tukajaribu hadi betri ikalia kwa udhaifu. Jirani akaleta trekta lake, tukavutwa hadi barabarani na kurudi. Ikashika nusu, ikatetemeka, ikazima katika wingu jeupe. Kila mpita njia alikuwa na ushauri. Mmoja alisema pampu imekufa, mwingine nozo. Baba alikuwa amekaa kwenye mzizi wa mwembe, mikono juu ya magoti, na kwa mara ya kwanza nilimwona ni mzee.

Mama alitoka jikoni akipangusa mikono kwa leso. Alisimama mbele ya ndugu yangu, akasema kwa sauti ya chini, ya upole kabisa, "Mwanangu, mwambie dada yako ulichofanya Jumatatu usiku. Niliiona taa."

Akatuambia yote, mbele ya jirani, bila kujitetea. Nami nikasema neno nililopewa na fundi nikaenda nalo Nyeri. Baba alitutazama wote wawili. Kisha akainuka, akachukua spana ya eksili ya mbele.

Tulilitenganisha upya jioni ile. Fundi alibaki kwenye simu, amekaa kitandani kwao Kitui, nusu mgonjwa, akitaka apigiwe picha ya kila gia. Alipoiona ya pampu alisema tu, "Hiyo hapo. Dizeli inafika mlangoni baada ya watu kulala." Saa nane za usiku alama nne zilitazamana. Ndugu yangu aliomba mimi niweke gia ya mwisho. Nikamwambia aiweke yeye. Jumapili yote tulifunga. Jioni, kabla giza halijaingia, akageuza ufunguo, na injini ikashika kwa mzunguko wa pili: moshi mfupi, kisha mwembamba, kisha hakuna, na ile sauti ya silinda tatu, moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu, yenye kupungukiwa kidogo kama hatua za mtu mwenye fimbo, ambayo nilikuwa nimeisikia kwa mara ya kwanza kando ya barabara ya Embu. Baba alimfanyia ndugu yangu ishara abaki kitini.

Jumanne niliomba ruhusa shuleni. Maji yalikuwa yamejaa, mashamba yameshika mbingu, na siku hiyo Mlima Kenya ulikuwa wazi hadi kileleni. Trekta lilikwenda na kurudi, rota ikigeuza tope jeusi, yangeyange wakilifuata nyuma kwa makundi. Mama alileta chakula kingoni: wali wa yale magunia matatu. Aliukosha mara nne, akaupika na iliki, na ukiingia mdomoni bado kulikuwa na kitu kidogo, mbali, kilichokumbusha sebule. Tuliula wote.

Ndugu yangu aliposimamisha trekta ili ale, shangazi aliinua leso yake, akaingia kwenye maji hadi magotini, akalifikia. Mikono yake ilikuwa bado na weusi kwenye mistari ya viganja.

"Nionyeshe namba mbili iko wapi," aliniambia.

Nikamshika mkono, nikauweka juu ya boneti, katikati.

"Kuna moto," akasema, na hakuuondoa.